Fundi Aliyeoga Kabla ya Kwenda Nyumbani

Fundi Pius Ndalahwa alikutwa amekufa, na alikuwa msafi kuliko watu wote waliosimama pale uani.

Inspekta Odeta Nkwabi aliliona hilo kabla hajaiona damu. Marehemu alilala chali kando ya karo, nyuma ya nyumba kuukuu ya Igogo iliyojengwa enzi za Mwingereza, ambayo sasa ilikuwa ikikarabatiwa iwe nyumba ya wageni. Shati jeupe, vifungo viwili vimefungwa, vilivyobaki bado. Kandambili miguuni. Povu la sabuni lilikuwa limemkaukia sikioni.

Mafundi wake wawili walisubiri getini. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi, kazi haijaanza, na tayari walikuwa na vumbi la rangi mpaka kwenye mishono ya mashati. Ndizo nguo walizotoka nazo nyumbani.

"Nani kamkuta?"

"Mimi, afande. Naitwa Masele."

"Mara ya mwisho kumwona akiwa hai?"

"Jumamosi jioni. Sisi tuliondoka, yeye akabaki kuoga. Kila siku ni hivyo hivyo. Anaoga, anabadili nguo, za kazi anaziacha hapa hapa. Tulimwita Bwana Harusi." Masele alitaka kucheka, akakumbuka yuko wapi.

"Kwake hakuna maji?"

"Yapo. Ni maringo tu, afande."

Odeta hakuwa mtu wa kutulia. Aliuzunguka ua mara tatu, akiibofya na kuibofya kalamu yake, mpaka msaidizi wake, Koplo Yakobo, akatamani kumpokonya. Kisogo cha marehemu kilikuwa kimepasuka. Ukingo wa karo ulikuwa na damu na nywele. Pochi ilikuwapo, simu ilikuwapo. Mwizi gani huyo anayeua mtu akaacha simu?

Sanduku la bati la marehemu lilikuwa wazi, ufunguo ukining'inia kwenye kufuli. Ndani mlikuwa na barakoa, glavu, ovaroli iliyofungwa kwenye mfuko, na bahasha ya plastiki isiyo na kitu.

Yakobo aliinua bahasha kwenye mwanga. "Alama za vidole, afande. Za vumbi la rangi."

"Basi si za marehemu. Yeye alikuwa ameshaoga." Odeta akawageukia mafundi. "Humu mlikuwa na nini?"

Masele hakujua. Mwenzake, Paulo, naye hakujua. Wote wawili walitoa vidole vipimwe bila ubishi, na jambo hilo lilimkera Odeta. Asubuhi ile angependa sana kupata mtu wa kubisha.

"Mko wawili tu?"

"Watatu," alisema Paulo. "Gidion Ojuok yuko hospitali toka Ijumaa. Binti yake, Favour, miaka mitatu. Anapata degedege. Wanapima malaria, hamna. Wanapima tena, hamna."

Odeta alimpigia simu mwenye nyumba, Mama Dorcas.

"Shikamoo, mama. Pius alikuwa na bahasha ya plastiki kwenye sanduku lake. Unaifahamu?"

"Marahaba. Hiyo naijua. Mwaka juzi alinikarabatia nyumba nyingine ya zamani. Akaja mtaalamu wa afya za wafanyakazi, akasema rangi za zamani zina madini ya risasi, ni sumu. Akampa Pius karatasi ya masharti ndani ya bahasha hiyo. Usikwangue ukuta mkavu, uloweshe kwanza. Tandika nailoni. Vaa barakoa. Uoge na kubadili nguo kabla hujaenda nyumbani, maana vumbi lile wanaoumia zaidi ni watoto. Pius akasaini kwamba atawafundisha mafundi wake."

"Aliwafundisha?"

"Mimi nitajuaje, mwanangu? Si alisaini?"

Odeta alikata simu. Hasira ilimpanda, na hakujua aielekeze kwa nani, maana mwenye kuistahili alikuwa amelala pale chini.

"Mnakwanguaje rangi?" aliuliza.

"Kwa msasa," alisema Masele. "Kavukavu. Ukilowesha unachelewa."

"Mna watoto?"

"Mimi watano."

"Mimi mmoja," alisema Paulo. "Bado ananyonya."

Odeta aliwaeleza. Hakupamba maneno. Paulo akaanza kuvua shati hapo hapo. Masele alikaa chini, akawa anaitazama mikono yake.

Safari ya kutoka Igogo hadi hospitali si ndefu, lakini Odeta aliigombeza kila bajaji iliyokatiza mbele yao. Mtu alikuwa ameiba karatasi. Karatasi! Na kati ya mafundi watatu, wawili hawakujua hata kama iliwahi kuwapo.

Wodi ya watoto ilijaa. Akinyi, mke wa Gidion, alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mtoto amelala akihema haraka haraka, midomo imepauka.

"Pole na mgonjwa, dada. Baba yake yuko wapi?"

"Si yule pale nje." Akinyi alionyesha dirisha. Barazani alisimama mwanamume mrefu, nguo zimejaa vumbi la rangi, paji la uso limegusa nondo za dirisha. "Toka Jumamosi usiku yuko pale. Haingii. Mtoto analia, baba, baba, yeye anapunga mkono tu. Nikimwambia mshike mwanao, anarudi nyuma. Nikimwambia nenda nyumbani ukabadili nguo, hataki." Akajifuta machozi kwa kanga. "Na zamani alikuwa akitoka kazini hata hajanawa, anamlaza kifuani."

Odeta aliacha kuibofya kalamu.

Masele na Paulo walikuja kazini na nguo zile zile walizokuwa nazo nyumbani karibu na watoto wao, kwa sababu hawakujua. Huyu alijua. Na kujua kwenyewe kulikuwa kwenye karatasi moja tu.

Walimfuata barazani.

"Gidion Ojuok?"

"Ndiyo, afande."

"Mimi ni Inspekta Odeta, huyu ni Koplo Yakobo. Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Kwa nini humshiki mtoto?"

Mkono wa Gidion ulikwenda kwenye mfuko wa shati, ukabaki hapo.

"Itoe," alisema Odeta.

Aliitoa. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, mikunjo imechakaa kwa kufunguliwa na kufungwa.

"Jumamosi nilienda kumwomba ruhusa ya wiki nzima," alisema. "Nilimkuta anaoga. Hakuwa mtu mbaya, afande. Alinipa pole. Akasema, fungua sanduku, chukua sabuni, mpelekee mtoto. Ndiyo nikaiona. Nikasoma. Kuumwa tumbo. Kukosa hamu ya kula. Kupauka. Degedege. Kama vile aliyeandika alikuwa anamtazama Favour."

"Ukamuuliza?"

"Alikuwa anafunga vifungo. Nikamwambia, ulijua? Akasema, ningewaambia, nani angekubali kukwangua? Miaka miwili, afande! Miaka miwili tunamcheka akioga. Nikamsukuma. Kisogo kikapiga karo. Nikangoja ainuke anitukane. Hakuinuka."

"Ukachukua karatasi."

"Nimletee daktari."

"Ulimpa?"

Gidion alitazama ndani. Daktari alikuwa vitanda viwili kutoka kwa Favour, akiandika kitu.

"Nikisema rangi, watauliza rangi ya wapi. Wakienda kule, watamkuta. Nikasema nitamwambia asubuhi. Asubuhi nikasema mchana."

"Daktari anajua anatibu nini?"

"Hajui."

"Pius alinyamaza miaka miwili. Wewe umenyamaza siku ngapi?"

Alihesabu kwa vidole. "Jumamosi. Jumapili. Leo." Alipofika kidole cha tatu akalia kwa sauti, na wagonjwa wa nje wakageuka kutazama.

Yakobo alimfunga pingu. Utaratibu unataka kielelezo kifungwe kwenye mfuko na kutiwa lakiri papo hapo. Odeta aliitia karatasi kwenye mfuko wa plastiki, lakiri akaisahau makusudi, akakimbia nayo wodini.

Daktari aliisoma ndani ya plastiki, akaisoma tena. "Huyu atolewe damu sasa hivi, ipimwe madini ya risasi," alimwambia muuguzi. Kisha akamgeukia Odeta. "Tiba ipo. Ila hii ningeipata Jumamosi, ningekuwa na mengi zaidi ya kuahidi."

Akinyi alisikia. Alimtazama mumewe kupitia dirishani, akaziona pingu, akaelewa yote kwa pamoja.

"Afande," alisema Gidion. "Naomba nimuage."

"Si ukiwa hivyo."

Yakobo alimpeleka kwenye bomba nyuma ya wodi, akamfungua mikono. Sabuni ilitoka mfukoni mwa suruali ya Gidion mwenyewe. Ilikuwa ile ya Pius, bado haijatolewa kwenye karatasi yake. Alijisugua mikono, uso, shingo, nywele, akarudia. Nguo zake zikaingia kwenye mfuko wa vielelezo, akavaa fulana na bukta ambazo Yakobo huwa nazo garini kwa ajili ya mpira wa jioni.

Alikaa kitandani taratibu. Favour alifumbua macho, akajisogeza mpaka kifuani, akanusa.

"Baba umeoga."

"Nimeoga, mama."

Odeta alikuwa amempa dakika tano. Akamwachia kumi, halafu akamwashiria Yakobo alete pingu.