Nilimfukuza Mke Wangu kwa Ajili ya Sisimizi

Nina miaka sitini na tatu, ndugu msomaji, na nauza vitenge mjini Busia. Sokoni wananijua. Nikianza kubishania bei, muuzaji hunipa mzigo ili tu nimwondokee. Lakini hasara ninayowaandikia hapa... sikupata wa kubishana naye.

Mwaka wa tisini na nne nguvu za kiume ziliniaga. Hazikuondoka kwa kelele. Zilianza kuchelewa, kisha zikaacha kuja kabisa. Mke wangu Nekesa, mama wa watoto wangu, aligeukia ukuta bila neno. Heri angenitukana!

Nikaenda kliniki. Daktari akaniuliza nina kiu kiasi gani, na usiku naamka mara ngapi kukojoa. Sasa, mimi ni mtu wa kuvusha mzigo pale Malaba. Forodhani ukiulizwa umebeba nini, unataja nusu. Ulimi umezoea. Basi na daktari nikamtajia nusu. Na yale ya kitandani? Hayo nilimficha kabisa. Nikasingizia mgongo. Akanipa vidonge vya mgongo, nikaenda zangu nikijiona mjanja.

Nikavuka mpaka wa nchi, nikaenda kwa mzee mmoja aliyeuza unga wa mizizi. Nikanywa kwa uji, nikanywa kwa chai... mwili ukabaki baridi kama jiwe la mtoni.

Siku moja Nekesa akaniambia kwa upole kwamba pale ninapokojoa, nyuma ya nyumba, pamejaa sisimizi. Akasema hilo si la kawaida, nirudi hospitali. Nikampelekea mzee wa mizizi habari hiyo. Akatikisa kichwa.

"Boss, nani alikuonyesha hao wadudu? Aliyekuonyesha ndiye aliyewaleta."

Mimi, ninayetambua kitenge bandia kwa kukigusa tu, nikayanunua maneno hayo bila hata kuomba apunguze!

Nikarudi nyumbani Mundika, nikamwita Nekesa mchawi mbele ya watoto. Nikasema amezifunga nguvu zangu, aondoke. Hakulia. Alifunga nguo zake kwenye leso akarudi kwao Butula.

Mwaka uliofuata kidonda kidogo mguuni kikakataa kupona. Hospitalini wakapima mkojo. Kisukari... tena cha siku nyingi. Muuguzi akanieleza kwamba ndicho kilichoniibia nguvu, na utamu wa mkojo ndio ulioita sisimizi. Vidole viwili vya mguu vikakatwa.

Nikachechemea hadi Butula pamoja na kaka yangu, kuomba msamaha. Nekesa alitupikia kuku, akaninawisha mikono kama zamani. Nikadhani mambo yameiva. Kisha akaketi.

"Mzee, ugonjwa wako ningeuuguza mpaka kaburini. Hiyo nguvu sikuwahi kukudai. Lakini uliniita mchawi watoto wangu wakisikia. Kula, umalize, uende salama."

Nilibembeleza mpaka kaka yangu akaona aibu. Nekesa akaondoa sahani.

Wazee wenzangu, mambo ya kitandani yakikwama, msikimbilie unga wa watu wala msitafute mchawi jikoni kwenu. Mwili unataka kusema jambo. Mwambieni daktari yote, hata lile linalowachoma midomo. Na mwende na mama wa nyumba, maana yeye huona yale mnayoyapita.

Juzi daktari aliniambia kwamba sukari imeshuka, na nikiendelea hivi, huenda nguvu zikarudi.

Zirudi... kwa nani?