Kidole cha Chepngeno

Kila Alhamisi, baada ya kufagia darasa na kumwaga takataka, wanafunzi wa klabu ya urubani katika shule moja ya Kiamunyi walishusha ndege yao kutoka juu ya kabati. Ilikuwa ya katoni. Mwalimu Gathogo aliipandisha ukutani kwa uzi, kando ya mstari wenye futi zilizoandikwa kwa chaki. Wanafunzi wawili, marubani wa zamu, waliketi nyuma ya boksi lenye kidirisha cha nambari. Nambari waliyoweka humo ndiyo iliyomwonyesha Mwalimu mahali pa kusimamisha uzi.

Alhamisi moja alikuja Kapteni Joan, rubani mzaliwa wa Rongai. Wawili ambao wangemridhisha angewapeleka uwanja wa ndege, wakalie viti vya marubani wa kweli. Chepngeno, mmoja wa marubani wa zamu, hakuwa amewahi kutamani kitu namna ile.

"Mtapanda hatua kwa hatua," Kapteni Joan alisema. "Kwanza futi elfu tisa. Mkipita Rongai, elfu kumi na moja. Halafu elfu kumi na tano. Mmoja anaweka nambari. Mwenzake anaielekezea kidole, anaisoma, anasema, 'Nimeona.' Mna dakika tano."

Ephantus, mwenzake aliyekuwa kapteni wa zamu, akazungusha nambari moja kwa moja hadi elfu kumi na tano.

Chepngeno akakunja kidole. "Tumeambiwa elfu tisa."

"Si tutafika tu huko juu? Tunaokoa muda. Tukifika tisa nitamwambia Mwalimu asimame. Sema umeona."

"Sijaona elfu tisa."

"Ni neno moja tu, wewe!"

"Basi liseme wewe."

Nyuma yao wenzao wakaangua kicheko. "Rubani amegoma! Abiria shukeni!"

"Nitaomba nipewe Kibii awe mwenzangu," Ephantus alinong'ona kwa hasira. "Yeye hana kichwa kigumu."

"Mwombe. Mpaka aje, kiti ni changu na kidole ni changu."

Kidole hakikunyooka. Dakika nzima ikapotea. Mwishowe Ephantus akafyonya, akarudisha nambari.

"Elfu tisa. Nimeona," Chepngeno akasema.

Ndege ikaanza kupanda. Mara Kapteni Joan akapiga meza. "Taa ya mlango wa mizigo inawaka! Someni kadi ya dharura!" Wote wawili wakainamia kadi, wakisoma na kubishana. Walipoinua macho, ndege yao ilikuwa imetulia kwenye elfu tisa. Juu yake, kwenye elfu kumi, Kapteni Joan alikuwa akivuta ndege nyingine ya katoni ikikatiza njia yao.

Ephantus aliitazama mpaka ikapita. "Ningesahau kumwambia Mwalimu asimame," alisema polepole. Kapteni Joan alipotangaza kuwa wamepita Rongai, akaweka elfu kumi na moja, akangoja kidole.

Walimaliza wakiwa wamechelewa kwa sekunde arobaini.

"Abiria watanung'unika kwa kuchelewa," Kapteni Joan alisema, "lakini watanung'unika wakiwa hai. Nitawapeleka nyinyi wawili. Chepngeno, hukuwekwa hapo ili umwitikie mwenzako tu. Anayesema ameona asichokiona amedanganya, hata kama ni kwa neno moja."

"Na siku nikikosea mimi, Kapteni?"

"Siku hiyo," Kapteni Joan alijibu akimtazama Ephantus, "yeye naye akunje kidole chake."