Kafuri Iliyoyeyuka Mapema

Bi Mabruka alimaliza sala ya alfajiri, akakunja msala, akaenda jikoni kupekua pipa la taka. Alikuwa akitafuta makopo ya fuli, yale maharage makubwa ya Kiarabu.

Alyaa, mke wa mwanawe, alimkuta ameinama.

"Shikamoo, mama. Umepoteza kitu?"

"Marahaba. Natazama tu."

"Fuli haimo nyumba hii. Wallahi haimo."

"Sikukuuliza."

Mtoto wa Alyaa, Hud, alikuwa na miezi kumi. Daktari wao huko Nizwa, Omani, alishawaambia kwamba damu yake ina upungufu wa kuzaliwa nao, kwa hivyo asile fuli kabisa, maana huiharibu damu hiyo. Wiki mbili nyuma macho yake yaligeuka manjano, na mkojo ukawa kama chai ya rangi. Akalazwa siku tatu. Bi Mabruka alikata shauri kuwa mama mtu ndiye aliyemlisha. Tangu hapo alimlaza mjukuu chumbani kwake, katika blanketi lile lile alilomtolea sandukuni mwake siku chache kabla hajaugua.

Asubuhi ile Hud aliamka manjano tena.

"Sasa kalishwa na nani?" aliuliza Alyaa. "Kalala kwako, mama."

"Unanituhumu mimi? Mimi niliyemlea baba yake?"

"Na mimi nimetuhumiwa wiki mbili!"

Baba yake Hud, Firas, alikimbia kuwasha gari. Jirani yao Radhia, anayefanya kazi katika maabara ya chuo, alisikia kelele akaingia. Alimbeba Hud, akanusa blanketi.

"Bi Mabruka, hili uliliweka na nini?"

"Kafuri, vile vidonge vyeupe mle sandukuni. Hiyo hiyo tunayooshea maiti. Kitu cha heri."

"Ulinunua wapi?"

"Kwa mchuuzi mmoja wa gari."

"Mfuko ulikuwa na maandishi?"

"Mfuko ni mfuko. Umekuwa polisi?"

Radhia hakucheka. "Mvueni nguo hizi, na blanketi hilo liacheni hapa. Mpelekeni hospitali sasa hivi, mmwambie daktari kalala katika harufu ya vidonge hivyo. Nahisi ni nafthalini, dawa ya kufukuza nondo kabatini. Mvuke wake huiharibu damu kama ya Hud. Nipeni viwili nikavipime, lakini msinisubiri mimi."

Kesho yake Radhia aliwafuata wodini na karatasi yenye mchoro.

"Mashine yetu ina vibakuli viwili, vidogo kuliko ukucha," alieleza. "Kimoja nimetia chembe ya kidonge. Cha pili kitupu. Vyote hupashwa moto polepole. Kitu kinapoyeyuka hunyonya joto zaidi, na mashine huchora bonde kwenye mstari. Kafuri huyeyuka karibu na nyuzi mia na sabini na saba. Bonde la kidonge chako liko wapi?"

Bi Mabruka alivaa miwani. "Themanini."

"Nilipima nafthalini ya maabara, ikachora bonde pale pale. Kafuri ya kweli ilichora mbali kule."

"Labda mashine imekosea."

"Niliijaribu kwanza kwa madini tunayojua yanayeyuka nyuzi ngapi. Haikukosea."

Bi Mabruka alivua miwani. Kisha alisimama, wauguzi wakimtazama.

"Alyaa, niwie radhi. Nilipekua mpaka taka zako, na sumu ilikuwa sandukuni mwangu."

"Hukujua, mama."

"Sikujua, na sikuuliza. Nilimshuku mtu kabla ya kukishuku kidonge."

Firas alivifunga vile vidonge na kuvitoa nyumbani. Nguo zote zilifuliwa, zikaanikwa juani mpaka harufu ikaisha. Sasa Bi Mabruka hununua kafuri yenye jina kwenye pakiti, na huifungia mbali na mtoto, kwa sababu Radhia alimwambia kafuri ya kweli nayo ni sumu ikimezwa.

Hud alirudi nyumbani macho meupe. Baada ya magharibi alisinzia begani kwa bibi yake. Bi Mabruka alimnyanyua, akamweka mikononi mwa Alyaa.

"Akalale kwa mama yake," alisema, akatoka, akauvuta mlango taratibu.