Bata wa Lorensi Bwawani Mindu

Nina bata wangu. Hatagi, hali pumba, anakunywa petroli. Barabarani anakimbia, bwawani anaelea. Ni nani?

Fikiri kwanza, usinitolee macho.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Unanipa Morogoro? Nimeupokea, nimekaa, nimekula ndizi zake zote. Bata wangu ni gari la Lorensi.

Amphicar. La Kijerumani, la miaka ya sitini, rangi ya samawati, pangaboi mbili chini ya mkia kama boti. Lorensi mwenyewe alikuwa Mzungu aliyezaliwa kwenye mashamba ya mkonge, Kiswahili anakimwaga kuliko wewe. Ilipofika miaka ya ruksa, kila mtu na biashara yake, akarudi akajiita mwekezaji. Kumbe anakomba vito vya rubi vya Matombo kwa magendo. Polisi wakiweka berria barabara ya Iringa, yeye anaiacha lami, anaingia bwawa la Mindu na gari lake, anatokea ng'ambo, nyuma ya berria.

Nguo kavu.

Thobias, kachero wa siri, alimfuata mpaka Mkuyuni. Jumamosi redio yake ikanyamaza.

Jumapili akatumwa Yustina, kachero mwenzake. Ndiye pia mchumba wake.

Redio yake ya Motorola ikakoroma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bata yuko wapi?" Huyo ni Mzee Agustino, mkubwa wao.

"Nje ya kanisa, Bigwa. Mwenyewe yumo ndani, anasali."

"Anasali nini huyo. Mnyonyoe."

Yustina akalala chali chini ya gari. Lina tundu tumboni la kutolea maji, na tundu lina kizibo cha shaba. Bila kizibo, gari hilo ni tenga tu. Akaanza kukifungua. Kanisani padri alikuwa akisoma matangazo ya ndoa. Thobias na Yustina, kwa mara ya tatu. Mwenye kujua kizuizi aseme.

Hakuna aliyesema.

Kizibo kikaingia mfukoni.

Misa ikaisha. Lorensi akatoka, akatazama huku na huku, akaondoka mbio. Yustina nyuma yake na pikipiki ya Yamaha, bastola ya Makarov kiunoni. Msamvu. Lami ya Iringa. Wauza nyanya wakaruka, matenga yakapasuka chini ya magurudumu. Berria ikaonekana mbele. Lorensi akakata, akashuka majanini, akajitosa bwawani kwa madaha, mkono juu akimpungia mwanamke wa watu.

Hakufika mbali.

Mkono ukashuka.

Bata alikuwa anakunywa.

Yustina akazima pikipiki, akakaa juu ya jiwe. Kamba alikuwa nayo. Akaiweka mapajani.

"Thobias yuko wapi?"

Mkia wa gari ukazama. Injini ikakohoa, ikafa.

"Nitupie kamba, dada. Sijui kuogelea."

"Thobias yuko wapi?"

"Kumbe wewe ndiye bibi harusi," Lorensi akasema. "Nimewasikia mkitangazwa. Hongera."

"Asante. Mimi sina haraka. Leo sipiki."

Maji yakamfika kifuani. Akaomba. Akamtaja Bikira Maria. Akalia, mtu mzima yule, makamasi yanamtiririka. Yustina akawa anachokonoa tope kwenye kiatu kwa kijiti.

Lakini swali Lorensi hakulijibu. Macho yake yalikuwa kwenye pua ya gari. Ilibaki juu kwa muda mrefu, ikayumba, ikatoa mapovu.

Ilipozama, akaacha kulia.

Yustina akamwacha ameze kidogo. Kisha akatupa kamba, akamburura mpaka ukingoni kama gunia la kabichi, akampiga teke la mbavu, akamkata mkanda wa tumboni. Rubi zikamwagika kwenye tope, nyekundu.

"Mzee, mzigo ninao. Mtu ninaye."

"Safi sana, binti. Na mwenzio?"

"Hajasema."

"Atasema huku. Vijana wangu wanajua kuuliza."

Landrover ikafika, pingu zikalia. Wale vijana wakamtazama Yustina kwa heshima, mmoja akampisha njia. Yustina akapangusa mikono, akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akaelekea kwenye pikipiki bila kugeuka. Ndivyo walivyofundishwa.

Nyuma yake Lorensi akacheka, meno yanagongana kwa baridi.

"Dada Yustina. Gari lile injini iko nyuma. Unajua buti liko wapi?"

Yustina akasimama.

"Liko mbele," Lorensi akasema. "Thobias yumo humo. Nilimziba mdomo tu, masikio nilimwachia. Alikusikia ukimuulizia, mara zote mbili."