Nyota ya Burma Iliyoninyang'anya Mwanangu

Nina umri wa miaka ishirini na tisa, mkulima wa pamba nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Wasomaji wenzangu, mimi si mtu wa kulialia. Kijijini wananijua kwa ulimi wangu, na wanawake kisimani wananipisha nikifika! Lakini haya yamenikaa kooni miaka mingi. Leo nayatoa. Anayetaka kunicheka na anicheke.

Mume wangu wa kwanza, Maganga, alipigana Burma. Vita vilipokwisha alikaa nyumbani muda, ndipo akaitwa bomani kupewa nishani zake. Alirudi nazo kifuani: moja nyeupe ya duara yenye kichwa cha Mfalme, na mbili za manjano zenye ncha sita, nyota kabisa. Jamani, zile nyota ziling'aa! Nasi huku ni nchi ya dhahabu, kila nyumba ina mtu wake aliyekwenda kuchimba Geita. Mtu akiona kitu cha manjano kinang'aa, atafikiri nini kingine?

Maganga mwenyewe hakuwahi kusema ni dhahabu. Haki ya Mungu, hakusema! Yeye alipenda kueleza tepe zake tu. Huu mwekundu katikati, wenye buluu na rangi ya chungwa pembeni, ni wa Burma. Huu mwingine ni wa vita vyote... Nilikuwa nakaa namsikiliza mpaka mboga inaungua. Nilimpenda, kwa nini nifiche?

Alipotaka kunioa, shida ilikuwa mahari. Ng'ombe wa kwao walikufa kwa ukame yeye akiwa vitani, na baba yangu, Mzee Luhende, hakuwa mtu wa kutoa binti kwa maneno matupu. Basi Maganga akamtuma rafiki yake Shija awe mshenga. Shija alikuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo na kuiuza mjini. Kofia ya kizungu kichwani, maneno mengi mdomoni.

Sasa, kwetu Usukumani mkwe na baba mkwe hawakai wakazungumza. Wakikutana njiani, mmoja anachepuka porini. Kila neno linapita kwa mshenga. Shija akamwambia baba, "Mzee, kijana ana nyota ya dhahabu ya Mfalme. Ishike rehani mpaka ng'ombe wapatikane." Akaiuma kwa meno mbele yake, akaitikia kwa kichwa kama fundi. Baba angembishia vipi mtu ambaye kazi yake ni dhahabu?

Kwa Maganga alirudi na habari nyingine kabisa. Alimwambia mzee anataka nyota moja aiweke ndani kwa heshima, kwa kuwa anaozesha binti yake kwa shujaa. Maganga wa watu akafurahi! Kila mmoja akaridhika, na hakuna aliyejua mwenzake ameambiwa nini. Mimi nilikuja kuyajua haya baadaye, wakati hayanisaidii tena.

Tulioana, tukalima, tukapata mtoto wa kiume, Masanja. Ng'ombe hawakupatikana upesi, maana pamba iliingiwa na wadudu. Shija naye haishi kuja kwetu! Anakula, anasifia ugali wangu, macho hayatulii. Siku moja Maganga yuko shambani, akanishika mkono akasema mwanamke kama mimi hafai kukaa na maskini. Nilimmwagia maji ya kuoshea vyombo. Akaondoka anacheka, nami mjinga nikadhani nimemkomesha.

Kumbe alikwenda moja kwa moja kwa baba. Akamwambia kwamba pale mgodini Geita kuna Mzungu anayekusanya nishani za dunia nzima, na kwamba kwa nyota ile atampa fedha za kununua zizi zima. Baba akavaa kanzu yake ya sikukuu, akapanda lori na kaka yangu.

Kaka ndiye aliyetusimulia. Mzungu yule alikuwa na masanduku mapana yaliyotandikwa mahameli, nishani zimepangwa za Warusi, Wataliani, Wajerumani, Waturuki, kila moja na kikaratasi chake. Hakuigeuza hata nyota ya baba. Alitazama utepe tu, akasema, "Burma." Kisha akamwambia kwa upole kwamba ile ni shaba, askari waliorudi wanazo tele, na yeye anayo tayari.

Baba akabisha. Akapaza sauti kwamba ni dhahabu! Wafanyakazi waliokuwa barazani wakaangua kicheko. Wakamsindikiza mpaka kwenye lori wakimwita Mzee Dhahabu, mtu mzima mwenye mvi zake... Nani angerudi nyumbani na moyo mzuri?

Alifika kwetu na kaka zangu na fimbo. Akaitupa ile nyota uani, akasema hakuna ndoa, binti yake alichukuliwa kwa shaba. Maganga akafanya jambo lisilofanyika kwetu: akamsimamia baba mkwe usoni, akasema, "Mimi sikusema ni dhahabu!" Baba akaona ni tusi juu ya tusi. Akamgeukia mshenga, aliyekuja amefuatana nao. Shija akainamisha kichwa na kusema, "Mzee, hata mimi alinidanganya."

Walimpiga Maganga mbele yangu. Mtu aliyetoka vitani mzima, akavunjwa mkono na mashemeji zake uani kwake! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wakanivuta, mtoto mgongoni.

Mavuno hayakupita, Shija akaleta ng'ombe. Mimi sikuulizwa. Tena akasema halei mtoto wa mwanamume mwingine, kwa hiyo Masanja akabaki kwa babu yake. Nilikuwa nikienda kumwona kwa kuiba, nikirudi napigwa.

Maganga alikwenda Geita kumwomba Mzungu aje mbele ya baraza la wazee kumtetea. Mzungu hakuja, ila alimpa kazi ya kusafisha nishani zake. Kwa mshahara ule akanunua ng'ombe wa kumkomboa mtoto, maana kwetu asiyetoa mahari hana mtoto. Baba akawapokea, akamkabidhi Masanja. Mimi niliambiwa wamekwisha kuondoka.

Siku Shija alipolewa pombe ya mtama, akanicheka. "Ninunue dhahabu kila siku nisiijue shaba? Ndoa ile niliifunga mimi, nikaifungua mimi." Tena akajisifu kwamba alimwambia Maganga kuwa ni mimi niliyemtuma baba kwa Mzungu, ili nipate sababu ya kuondoka!

Mwaka jana niliaga kwamba nakwenda kumuuguza shangazi, nikapanda lori hadi Geita. Nilimkuta mtoto barazani kwa Mzungu, kitambaa mkononi, anasugua nishani. Nilimjua kwa paji la uso, ni la baba yake kabisa. Akasimama, akasema, "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba kama mgeni.

Alidhani nimekuja kutazama, maana watu huja. Akaanza kunionyesha. "Hii ya Warusi. Hii ya Wataliani. Hii ya Burma, baba yangu anayo. Ni shaba, si dhahabu. Mama yangu alidhani ni dhahabu. Alipojua ni shaba akatuacha, akaolewa na mwenye ng'ombe." Alisema bila hasira, kama mtoto anayesoma somo lake...

Maganga akatokea mlangoni. Alinitazama, nami nikafungua mdomo, lakini akaniwahi. "Masanja, mama huyu amepotea njia. Msindikize mpaka linaposimama lori."

Mwanangu alinibebea furushi. Njia nzima aliniambia habari za shule. Ningemwambia kwamba baba yake ni mwongo, baba anayemlisha na kumvisha? Aliniombea safari njema, akarudi mbio.

Wazazi, nawasihi! Mkiwa na neno na mkwe, mwiteni, mkae, mwambiane uso kwa uso, mila iseme inavyotaka. Msimwachie mtu mmoja abebe maneno ya pande zote mbili. Na ninyi dada zangu, mwanamume akikushika mkono usione haya kusema, mwambie mumeo siku ile ile. Mimi nilimwaga maji nikanyamaza.

Mtaniuliza kwa nini sijamwacha Shija. Niende wapi? Mwanamke akiondoka, mahari hurudishwa. Baba alipokea ng'ombe wake, na wale walikuwa ng'ombe wa kweli. Wamekwisha kuzaa.