Mkono wa Kushika Fremu

Siku ya kujiandikisha, ukumbi wa chuo ulijaa watu hadi mlangoni. Vijana walisukumana, karani aligonga meza kwa rula, na feni moja juu yao ilizungusha joto tu.

"Uchapaji wa vitambaa, masomo ya jioni!" karani aliita. "Fremu moja, watu wawili. Mmoja anashika, mwenzake anavuta rangi. Asiye na mwenzake asinipotezee muda."

Karibu wote walikuwa wamekuja na marafiki zao. Mwishoni walibaki wawili. Mmoja alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na moja, gauni la buluu alilolishona mwenyewe, kilemba cheupe kichwani. Mwingine alikuwa mwanamume mrefu, mwenye mvi, shati lake limepigwa pasi hadi kola inasimama yenyewe.

"Mama, umeachwa?" mwanamume aliuliza.

"Sijaachwa. Nasubiri wenye kelele waondoke."

"Basi tuandikwe pamoja. Mimi sina kelele. Nilikuwa fundi saa."

"Ulikuwa?"

"Siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu, mama."

Alicheka, akatia mkono wa kulia mfukoni. Alikuwa amesema nusu ya ukweli. Wateja walipungua, ndiyo, lakini kilichofunga duka lake ni mkono huo, ulioanza kutetemeka miaka miwili nyuma, hadi skrubu ndogo za saa zikawa zinamtoroka. Hakuna aliyejua ila daktari na binti yake.

Fundi alimwita mwanamke huyo Mama Mapazia, kwa kuwa alishona mapazia ya watu. Madirisha yake mwenyewe yalikuwa na pazia moja lililopauka tangu mumewe alipofariki, miaka sita iliyopita. Watoto walikuwa mbali na walipiga simu Jumapili. Siku nyingine zote redio iliwaka tangu asubuhi, si kwa ajili ya habari, ila nyumba iwe na sauti ya mtu. Alipika kwa sufuria ndogo kuliko zote, na bado chakula kilibaki. Kila asubuhi alipiga magoti kando ya cherehani: "Ee Mungu, nimechelewa kusoma, lakini usiniache nikiwa na woga."

Walijifunza pamoja. Walivuta wavu ukabana kwenye fremu kama ngozi ya ngoma. Waliupaka dawa inayokaushwa na mwanga, wakaweka mchoro juu yake, wakawasha taa, kisha wakausuuza kwa maji. Pale palipofunikwa na mchoro, dawa ilitoka, na ua likafunguka taratibu kwenye wavu. Mara ya kwanza Mama Mapazia alifuta machozi kwa mkono wenye rangi, akaondoka na shavu la kijani.

"Vuta kwa mkupuo mmoja," fundi alimwambia. "Ukisitasita, kitambaa kitakusema."

"Wewe shika. Kazi yako ni kushika."

"Nimeshika mpaka viwiko vinaomba likizo."

Kweli, alikuwa anagandamiza fremu kwa viwiko. Mama Mapazia aliona ni mzaha.

Kila baada ya masomo, fundi alipiga simu.

"Umefika?"

"Nimefika, fundi."

"Umefunga mlango?"

"Nimefunga. Na wewe umekula?"

"Nimekula." Hakuwa amekula.

"Mwongo. Nasikia njaa yako mpaka huku."

Walicheka, na hakuna aliyetaka kuaga.

"Usikate kwanza," mwanamke alisema jioni moja. "Iache tu."

Kila mmoja akaweka simu mezani. Mama Mapazia akaosha sahani yake moja. Fundi akakaa gizani kwake akisikiliza maji hadi yalipoisha.

Kazi ya mwisho wa muhula ilikuwa pazia la mita nne, rangi tatu, kila rangi na fremu yake. Mama Mapazia alisema hilo hatamuuzia mtu. Ni la dirisha lake. Rangi mbili zilikaa vizuri. Walipofika ya tatu, ile nyekundu, simu ya fundi ikalia mfukoni. Haikunyamaza. Mkono wake ukaruka, fremu ikasogea, naye akairudisha kwa haraka bila kusema. Mama Mapazia aliendelea kuvuta rangi. Fremu iliponyanyuliwa, kila ua lilikuwa na kingo mbili, kama linavyoonekana na mlevi.

"Ni nani huyo asiyeweza kusubiri?" mwanamke aliuliza.

Fundi aliizima simu, akairudisha mfukoni.

"Kama una mtu, ungeniambia. Nimekaa naongea na simu kama binti wa miaka kumi na minane, kumbe namwibia mwanamke mwenzangu muda wake."

Angeweza kusema kweli palepale. Lakini simu ilimpa mahali pazuri pa kujificha kuliko mkono. "Nisamehe, mama," alisema tu, akachukua koti.

Jumatatu fundi hakuja. Karani alisema amehamia chumba cha pili, wanakochapa kwa kompyuta, ambako mtu mmoja anatosha. Siku ya tatu fundi alipiga simu, Mama Mapazia hakupokea. Baadaye alipopiga yeye, simu ya fundi ililia tu. Basi.

Mwalimu alimwonea Mama Mapazia huruma, akamfungia fremu kwenye ubao kwa bawaba mbili, kama za kabati. Sasa ilipanda na kushuka bila kusogea hata unywele. Mama Mapazia alichapa pazia upya, peke yake, likatoka safi, kila ua na ukingo wake mmoja. Alilitundika. Kisha akakaa kulitazama, na nyumba ikawa kimya kuliko zamani. Katika sala zake alimlaumu fundi waziwazi, kwa wiki tano.

Jioni moja mwalimu alimtuma apeleke michoro chumba cha kompyuta. Kupitia kioo cha mlango aliona mgongo wa shati lile lililonyooka. Fundi alikuwa anajaza rangi kwenye jani. Kwenye skrini kubwa ukutani mshale ulirukaruka, ukapita jani, ukarudi, ukalipita tena. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeukamata wa kulia kwenye kifundo, na bado ulimshinda.

Mama Mapazia aliweka michoro chini, akaingia.

"Huyu ndiye mwanamke wako?" aliuliza, akiugusa mkono ule.

Fundi alitaka kuuficha mfukoni. Mama Mapazia hakuuachia.

"Simu ilikuwa ya nani?"

"Binti yangu. Ananikumbusha kliniki."

"Ukaniacha niwaze mengine."

"Mwanamke ungemchukia, ukapona. Mkono ungeuhurumia. Sikutaka kuhurumiwa na wewe."

"Wiki tano, fundi! Wiki tano nakushtaki kwa Mungu. Unajua aibu niliyo nayo kwake sasa?"

Fundi alitabasamu kidogo, kisha akageuka. "Tafuta mwenye mkono imara akushikie, mama. Mimi nitakuharibia tena."

"Fremu imefungwa bawaba. Pazia limekwisha, limetundikwa. Sihitaji tena mtu wa kushika."

Fundi aliinamisha kichwa. "Basi umekuja kufanya nini?"

"Kukuuliza kama utanioa."

Mwanafunzi wa meza ya jirani aliacha kipanya chake. Fundi alitazama mkono wake mpaka skrini ikazimika yenyewe.

"Hautapona huu. Daktari amesema utazidi."

"Nimesikia."

"Chai nitamwaga."

"Nitafuta."

"Hata kanisani nitakuaibisha. Watu wote wanatazama, mimi nahangaika na pete, haiingii."

Mama Mapazia alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Basi nitakusogezea kidole."