Viatu vya Mzee Anyosisye

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hajaonja chai yake, Tusekile aliifungua ramani-hai kuitafuta nukta ya baba yake.

Njia ya Mzingo, kilomita themanini na sita za waenda kwa miguu na waendesha baiskeli kuuzunguka mji wa Mbeya, ilitandikwa ngozi nyeusi iliyojaa visomanyayo. Kiatu kilichosajiliwa kikipita, hata juu ya baiskeli, nukta yake husogea kwenye ramani. Mhandisi aliyeibuni ngozi hiyo ni Tusekile mwenyewe. Akiona nukta inakwenda taratibu chini ya mlima Loleza, alijua baba ni mzima, akaendelea na kazi. Huu ulikuwa mwezi wa nne hajampigia simu.

Asubuhi hiyo kikombe kiliishia njiani. Mzee Anyosisye, mwenye miaka sabini na minane, alikuwa anakwenda kilomita ishirini na tano kwa saa.

Tusekile akarukia baiskeli. Njia yake mwenyewe aliijua kwenye kioo cha ramani tu. Hakujua kwamba inanukia mikaratusi, wala kwamba watu husalimiana humo hata wasipojuana. Kwenye kilomita ya kumi na nne akaifikia ile nukta. Alikuwa Mama Lusajo, jirani wa baba, anakanyaga pedeli kwa viatu vya mzee, vimejazwa matambara visimpwaye.

"Nimechelewa kwaya, mwanangu," alijitetea. "Siku nyingine natembea. Tena nachechemea kidogo, kama yeye."

Akamweleza yote. Goti la mzee liligoma wiki tatu zilizopita, naye akamwomba amtembezee viatu, binti asije akashtuka na kuacha kazi.

Tusekile alimkuta baba barazani, pekupeku, mguu juu ya kigoda. Akapiga magoti, akamwamkia. Mzee akaitikia, kisha akasema yale ya siku zote: yeye hajambo, arudi tu kazini. Tusekile hakuinuka. Alianza kulikanda lile goti, polepole.

Mzee aliitazama baiskeli iliyoegemea ukutani.

"Tuse," alisema, "nilikuwa napita kwenye njia yako kila siku kwa sababu najua unaniona. Lakini mimi sikuoni, mwanangu. Nilitaka uje tutembee wote."